Mtihani wa Kuajiri: Somo kwa Bodi na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Chama cha msingi kinapomwajiri karani wa mizani, kinamkabidhi mtu mmoja jasho la mwaka mzima la wanachama wote. Mkulima amepalilia, amepulizia dawa, amechuma na amekausha. Lakini fedha atakazopata zitategemea namba ambayo karani huyo ataisoma katika mizani na kuiandika katika stakabadhi. Hata hivyo si jambo geni karani huyo kupatikana kwa kikao cha nusu saa. Jina linatajwa, mjumbe mmoja anasema kwamba kijana huyo anamfahamu, mwingine anaongeza kwamba baba yake ni mwanachama wa siku nyingi, na shauri limekwisha. Hakuna aliyeuliza kama kijana anaweza kutoa uzito wa magunia matupu katika uzito wa jumla bila kukosea.

Somo hili linaeleza mtihani wa kuajiri kama unavyotumika katika taasisi za umma, na namna chama cha msingi kinavyoweza kuutumia kwa gharama ndogo.

Katika Tanzania, ajira nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Nafasi hutangazwa, waombaji hupeleka maombi yao kwa njia ya mtandao, wenye sifa huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao aghalabu ni mtihani wa kuandika, na waliofaulu huitwa kwenye usaili wa mahojiano. Kwa kazi zinazotaka ustadi wa mikono, kama udereva, huwapo pia usaili wa vitendo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo bila kufanya mtihani wa namna hii, waliitwa kwenye usaili.

Sababu mojawapo ya kuwapo kwa mchujo huo ni wingi wa watu. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Haiwezekani kuwahoji watu wote hao ana kwa ana. Lakini chama cha msingi chenye waombaji 9 kwa nafasi moja hakina shida hiyo ya wingi, na hapa ndipo wajumbe wengi wa bodi hufanya kosa. Hudhani kwamba kwa kuwa waombaji ni wachache na wanajulikana, mtihani hauna haja. Ukweli ni kinyume chake. Pale ambapo kila mtu anamjua kila mtu ndipo penye haja kubwa zaidi ya kupima kwa kipimo kisichojua ukoo wa mtu.

Jambo hili si jipya katika ushirika. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilikuta, pamoja na kasoro nyingine, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, upungufu wa uaminifu, na wanachama wasiofahamu vya kutosha mambo ya chama chao. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya kuunda Utumishi wa pamoja wa vyama vya ushirika, chini ya Tume iliyokuwa na madaraka juu ya ajira na nidhamu ya watumishi. Nia ilikuwa kuiondoa ajira katika mikono ya watu wa karibu na kuiweka mbali kidogo. Mpango huo haukudumu: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 mambo mengi yalianza upya. Lile ambalo watu wa mijini walilibandika jina la kejeli, undugunaizesheni, halikuvunjwa pamoja na vyama.

Kufunika jina

Mtihani wa kuajiri una asili ya mbali. Nchini China watumishi wa mfalme walichaguliwa kwa mitihani ya kuandika kwa takriban miaka 1,300, hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1905. Mengi katika mitihani hiyo hayafai kuigwa, maana mtahiniwa alitakiwa kukariri vitabu vya kale ambavyo havikumsaidia kujenga hata daraja moja. Lakini katika enzi ya Song, yapata miaka 1,000 iliyopita, Wachina waligundua mambo mawili ambayo kila bodi ya chama inapaswa kuyafikiri. La kwanza ni kwamba jina la mtahiniwa lilifunikwa kwa karatasi ili msahihishaji asilione. Punde ikaonekana kwamba hilo halitoshi, kwa sababu msahihishaji aliweza kumtambua mtu kwa mwandiko wake. Basi wakawekwa makarani wa kunakili majibu yote upya, na msahihishaji akapewa nakala tu.

Uingereza ilikuja nyuma sana. Taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ililalamikia kazi za serikali kutolewa kwa upendeleo. Tume ya Utumishi ikaundwa mwaka 1855, na mwaka 1870 mtihani wa wazi ukawa ndio njia ya kawaida katika sehemu kubwa ya serikali ya huko. Ni ajabu basi kwamba maofisa waliotumwa kuitawala Tanganyika hawakupatikana kwa mtihani huo. Ofisi ya Makoloni iliwachagua hasa kwa mahojiano na kwa barua za watu waliowafahamu. Waingereza walioona mtihani ni wa lazima kwao waliona kujuana kunatosha kwa makoloni.

Tatizo la mwandiko walilolikuta Wachina lipo katika kila kijiji. Karatasi ikiwa na namba badala ya jina, mwalimu mstaafu aliye katika bodi bado atautambua mwandiko wa kijana aliyemfundisha miaka minne. Chama hakina fedha za kulipa makarani wa kunakili, lakini kina njia nyepesi zaidi: kusahihisha kufanywe na watu wa mbali. Vyama viwili jirani vinaweza kubadilishana kazi hiyo, au chama kikuu kikaombwa kutoa wasahihishaji wawili. Nauli na chakula cha watu wawili kwa siku moja ni kitu kidogo mno ukilinganisha na hasara ya msimu mmoja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Asubuhi ya mtihani kila mtahiniwa anaokota kikaratasi chenye namba kutoka katika kofia au chungu. Anaandika jina lake na namba hiyo katika karatasi ndogo, anaitia katika bahasha, bahasha inafungwa kwa gundi, na mtahiniwa mwenyewe anatia sahihi juu ya kifuniko. Bahasha zote zinawekwa katika sanduku lenye kufuli. Karatasi za majibu zinabeba namba tu. Wasahihishaji wanapomaliza, wanaandika orodha ya namba na alama kwa kalamu ya wino, wote wanatia sahihi, na orodha inabandikwa ukutani. Baada ya hapo tu, mbele ya watahiniwa wenyewe, ndipo bahasha zinafunguliwa. Mpango huu ukigeuzwa, hata kidogo, hauna maana tena. Bahasha ikifunguliwa kabla ya orodha kutiwa sahihi, alama zitaanza kutembea.

Maswali yatoke katika kazi

Kosa la pili linaloharibu mitihani ya kuajiri ni maswali yasiyohusu kazi. Mtu anaomba kazi ya utunzaji wa ghala, naye anaulizwa mlima mrefu kuliko yote duniani, au mwaka wa kuzaliwa wa kiongozi fulani. Anayejibu vizuri amethibitisha kwamba anakumbuka vizuri. Hajathibitisha kwamba ataona panya wanapoanza kutoboa magunia. Aidha lugha ya mtihani iwe lugha ya kazi. Stakabadhi za chama zikiandikwa kwa Kiswahili na wakulima wakihudumiwa kwa Kiswahili, mtihani wa Kiingereza utampendelea aliyesoma mbali na kumwacha aliye hodari.

Kabla ya kutunga swali lolote, watungaji wakae na daftari la karani anayeondoka na waandike yote anayoyafanya kuanzia kufungua mlango asubuhi hadi kuufunga. Kila swali litoke katika orodha hiyo. Huu hapa ni mfano mmoja kwa chama cha wakulima wa kahawa. Bei na makato yaliyotajwa ni ya kufundishia tu.

Mkulima ameleta mifuko 7 ya kahawa ya maganda. Uzito wa jumla pamoja na mifuko ni kilo 318.5. Mfuko mtupu mmoja una uzito wa kilo 1. Malipo ya awali ni shilingi 4,000 kwa kilo. Chama kinakata ushuru wa shilingi 120 kwa kilo. Mkulima anadaiwa shilingi 85,000 za pembejeo. Mtahiniwa aandike stakabadhi na hati ya malipo.

Jibu sahihi lina hatua nne. Uzito halisi ni kilo 311.5. Thamani yake ni shilingi 1,246,000. Ushuru ni shilingi 37,380. Ukiondoa ushuru na deni, mkulima anapokea shilingi 1,123,620. Mwongozo wa kusahihishia utoe alama kwa kila hatua, si kwa jibu la mwisho peke yake, kwa maana anayekosea kuzidisha anaweza kufunzwa, lakini anayesahau kutoa uzito wa mifuko hajaelewa kazi.

Wanachama wanaoona hesabu hii ni ndogo watazame upande wa pili wake. Karani akizoea kutoa kilo 2 kwa kila mfuko badala ya kilo 1, mkulima huyu mmoja atapoteza shilingi 27,160, na pengine hatajua. Chama kikipokea mifuko 3,000 katika msimu, kilo moja inayopotea kwa kila mfuko ni kilo 3,000. Kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 12,000,000. Karani akisahau kabisa kutoa uzito wa mifuko, hasara ya kiasi hicho itakiangukia chama badala ya mkulima, nayo itaonekana wakati wa ukaguzi, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Swali jingine linalofaa sana ni fupi: karani ameandika stakabadhi na kugundua kosa kabla ya mkulima kuondoka; afanye nini? Wengi watajibu kwamba atafuta na kuandika juu yake, au atachana ukurasa. Anayefahamu kazi atajibu kwamba stakabadhi yenye kosa haifutwi wala haichanwi. Huandikwa IMEBATILISHWA katika nakala zote, huachwa ndani ya kitabu, na nyingine mpya hutolewa, ili mkaguzi akute namba zote zinafuatana. Swali hili moja hutenganisha watu haraka kuliko ukurasa mzima wa hesabu.

Mtihani wa vitendo

Kwa kazi za mizani na ghala mtihani wa kuandika hautoshi. Yapo makarani wanaohesabu vizuri mezani na kubabaika mbele ya foleni ya wakulima 40 wenye haraka. Kwa hiyo uwekwe mtihani wa vitendo. Waamuzi wapime mifuko mitatu kwanza na kuficha uzito wake. Kisha mizani iachwe kwa makusudi ikiwa na kasoro, mshale ukisimama nusu kilo mbele ya sifuri kabla ya mzigo kuwekwa. Mtahiniwa aambiwe tu apime na kuandika. Wapo watakaoanza moja kwa moja. Wapo watakaosimama kwanza mbele ya mizani tupu, wakatazama mshale, wakaurudisha kwenye sifuri, na wakaangalia kama mizani ina mhuri wa Wakala wa Vipimo ambao muda wake haujapita. Hao wa pili ndio wanaotafutwa, hata kama mwandiko wao si mzuri.

Watahiniwa wapimwe mmoja mmoja, na aliyemaliza asirudi kukaa na wanaosubiri. Mizani irudishwe katika kasoro ile ile kila mara. Anayeingia wa tano asikute imekwisha kurekebishwa na wa nne.

Mahojiano na alama zake

Mahojiano yana faida yake. Huonyesha namna mtu anavyosema na wazee, anavyopokea lawama, na kama anaweza kumweleza mkulima sababu ya makato bila kumkaripia. Lakini mahojiano ndiyo mlango ambao upendeleo hurudi kupitia, baada ya kufukuzwa kwa mtihani wa kuandika. Katika mahojiano jina linajulikana na uso unaonekana, wala hakuna karatasi ya kurejea.

Dawa yake ni kupunguza uzito wa alama za mahojiano. Ikiwa alama zote ni 100, kuandika kupewe 50, vitendo 30, na mahojiano 20. Tuseme mtahiniwa mmoja amepata 68 katika kuandika na vitendo, na mwenzake 50. Ili wa pili amfikie wa kwanza, bodi italazimika kumpa wa pili alama zote 20 za mahojiano na kumpa wa kwanza 2 tu. Hilo halitafichika kwa mtu yeyote. Kama mahojiano yangepewa alama 50, tofauti ile ile ingezibwa bila kelele.

Maswali ya mahojiano yawe yale yale kwa wote na kwa utaratibu ule ule. Kila msaili aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, maana mwenyekiti akitangulia kusema, wengine humfuata. Mjumbe ambaye ana ndugu, mkwe au mdeni wake miongoni mwa watahiniwa atoke katika shughuli yote, tangu kutunga maswali, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu za kikao. Si aibu kuwa na ndugu anayetafuta kazi. Aibu ni kukaa mezani akiulizwa maswali.

Mambo ambayo mtihani hauyaoni

Ni vema bodi ielewe mpaka wa chombo hiki. Mtihani hupima ujuzi, haupimi uaminifu. Mwizi hodari wa hesabu atapata alama nyingi kuliko mwaminifu mzembe, na pengine ndiye atakayeiba kwa ustadi zaidi. Kwa hiyo baada ya matokeo, na kabla ya barua ya ajira, aliyeongoza aulizwe habari zake kwa mwajiri wake wa zamani, kwa barua, si kwa maneno ya njiani. Wadhamini wake waitwe waonekane, maana wengi hutia sahihi karatasi za udhamini bila kujua wanachojifunga nacho. Kipindi cha majaribio kiwe cha kweli, kikipitia angalau miezi ya mavuno; karani aliyejaribiwa wakati ghala ni tupu hajajaribiwa. Chama kifuate pia masharti yake yaliyosajiliwa na maelekezo ya Mrajis kuhusu ajira, kwani mtihani mzuri hauhalalishi ajira iliyokiuka masharti.

Kuhusu tangazo la nafasi, libandikwe si ofisini tu bali pia gulioni, shuleni, msikitini na kanisani, kwa muda usiopungua wiki mbili, likitaja kazi, sifa, mshahara na siku ya mtihani. Tangazo linalobandikwa Ijumaa jioni na kufungwa Jumatatu limeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Aliyeshindwa akitaka kuona karatasi yake, aonyeshwe pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Jambo hili huogopwa na bodi nyingi, lakini manung'uniko mengi huishia hapo, mtu anapoona kwa macho yake mahali alipokosea. Karatasi zote, orodha iliyotiwa sahihi na bahasha zihifadhiwe katika jalada moja ofisini hadi ukaguzi wa hesabu wa mwaka unaofuata upite, na mkaguzi aonyeshwe jalada hilo bila kulazimika kuliuliza.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wanachama

1. Mtumishi wa mwisho kuajiriwa na chama chenu alipatikana kwa njia gani? Ni karatasi zipi zinazothibitisha njia hiyo?

2. Tungeni maswali matatu kwa kazi ya utunzaji wa ghala, yote yakitoka katika mambo ambayo mtunza ghala wenu aliyafanya wiki iliyopita.

3. Mkulima ameleta mifuko 4 yenye uzito wa jumla wa kilo 186. Kwa kutumia bei na makato ya mfano wa hapo juu, na bila deni la pembejeo, atapokea kiasi gani? Kila mmoja afanye hesabu peke yake kabla ya kulinganisha. Wajumbe wa bodi nao wafanye.

4. Mwanachama mmoja anasema kwamba mtoto wa mwanachama apewe nafasi hata akizidiwa alama na mgeni, kwa kuwa chama ni cha wanachama. Mwingine anasema kwamba kahawa inayopimwa ni ya wanachama wote, si ya baba wa kijana huyo peke yake. Kikundi kiamue, na uamuzi wake upelekwe mkutano mkuu.